Nyota ya Mizani na Visanduku vya Pembeni

Mume wangu alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja huko Changamwe, na kila asubuhi alirudi nyumbani na gazeti la jana. Gazeti la leo lilikuwa la wakubwa wa ofisi. Wakishalisoma lililala mezani hadi jioni, wakaenda zao, likawa lake. Kwa hiyo sisi huku Likoni tuliishi nyuma ya dunia kwa siku moja, na sikumbuki kwamba jambo hilo liliwahi kutudhuru. Mvua ya jana tulikuwa tumeshaiona kwa macho. Mechi ya jana majirani walikuwa wameshaipigia kelele. Nyota tu ndizo zilizotuletea ubishi.

Nyota na chemsha bongo zilikuwa ukurasa mmoja. Kushoto ulikaa ule mraba wa visanduku vya kujaza maneno, kulia nyota kumi na mbili zimepangwa kutoka juu hadi chini, kila moja na mistari yake miwili. Mimi namimina chai, yeye anasoma.

"Ndoo," ananiambia, maana hiyo ndiyo nyota yangu. "Leo utapata mgeni wa heshima."

"Leo ya lini? Si gazeti la jana hilo?"

"Basi mgeni alikuja jana."

"Jana hakuja mtu."

"Alikuja. Akakuta umelala, akaondoka."

Hata hiyo Ndoo sikuwa na hakika nayo. Nilizaliwa nyumbani, na mama alikumbuka tu kwamba ulikuwa Mfungo Tano na paa lilikuwa likivuja. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho karani akasema mwezi huo haumo katika karatasi yake, akanichagulia mwingine. Kwa hiyo nyota yangu nilipewa na karani, na nimekaa nayo. Mume wangu ndiye peke yake katika ukoo wao aliyezaliwa hospitalini, akaandikwa siku na saa. Alikuwa Simba wa haki, na alipenda kutukumbusha.

Baada ya nyota alihamia kwenye chemsha bongo. Mimi niliishia darasa la nane na sikuwa na subira ya mambo hayo. Yeye alifika kidato cha pili, lakini hakutegemea kidato. Alimtegemea mama yake. Saa nne asubuhi, akiwa amejilaza kitandani, simu kifuani, alimpigia shambani kwake, huku huku kwetu ng'ambo ya kusini, njia ya kwenda Kwale.

"Shikamoo mama. Kifaa cha kukunia nazi, herufi tano."

"Marahaba. Mbuzi. Kwani hao wanaouliza hawajui?"

"Wanajua, mama. Wanatupima."

"Wanipime mimi?"

Mama huyo, mavyaa wangu, hakwenda shule hata siku moja. Maisha yake yote aliuza nazi. Alizipeleka Kongowea kwenye soko kubwa mpaka magoti yalipokataa, na baada ya hapo wachuuzi walimfuata shambani. Hajui alifu wala be. Ila hakuna neno la Kiswahili utakalompa akakuuliza maana yake, isipokuwa neno lililozaliwa juzi, na hilo atakwambia si neno.

Nilikuwa nikiwasikia kila siku nikiosha vyombo. Wakati mwingine walibishana hadi mume wangu akakaa kitako. Kisha namsikia akisema, "Haya mama, umeshinda, naandika lako," na kalamu inakwaruza. Sikuwahi kwenda kuangalia anachoandika. Nasema ukweli: nilifurahi kwamba anasumbuliwa mwingine.

Akimaliza aliuchana ukurasa ule mmoja na kuuweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Kurasa nyingine nilizifungia samaki.

Asubuhi aliyofariki ilikuwa hivyo hivyo. Alikunywa chai, akanisomea Ndoo, akaongea na mama yake, akajaza fumbo lote, akalala. Saa saba nilikwenda kumwamsha kwa chakula. Daktari alisema ni moyo. Kuhusu hilo sina zaidi la kusema, maana sina zaidi ninalolijua. Wiki kadhaa baadaye niliutoa ukurasa wa siku ile nione nyota yake ilimwambia nini. Ilisema asiahirishe mazungumzo na jirani kuhusu ua. Sisi hatuna ua.

*

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, hachumbiwi. Mavyaa alikuja kukaa nami. Watu walisema amekuja kunitunza, na yeye mwenyewe alisema hivyo, lakini wiki ya kwanza ilipokwisha na majirani wakarudi majumbani mwao na masufuria yao, nikaona kwamba wa kutunzwa ni yeye.

Alikuwa hali. Chai ya rangi asubuhi, maji mchana, na usiku "nimeshiba, mkaza mwanangu." Ndivyo alivyoniita tangu nilipoolewa, na safari hii alilitamka kwa sauti ndogo kama mtu anayezungumza kutoka chumba cha pili. Angekuwa mtu mwingine, ningesema ni huzuni, itapita. Lakini mavyaa ana sukari. Ana vidonge vyeupe vya asubuhi na vya manjano vya jioni, na vyote vyataka tumbo lenye kitu. Vingi vilibaki katika pakiti zao, vichache alivimeza tumbo tupu. Siku ya kumi na mbili alisimama kwenda kutawadha, akatokwa na jasho, akakalia kizingiti kama mzigo uliotuliwa. Nilimtia asali mdomoni kwa kidole. Muuguzi wa zahanati alikuja, akampima, akanivuta ukumbini.

"Dada, huyu mama asipokula mtamzika."

Nilikuwa nimetoka kuzika. Nikarudi jikoni nikapika uji wa mtama, nikauweka mbele yake, akautazama hadi ukafanya ngozi.

Nilimpikia kila nilichojua anakipenda. Mbaazi za nazi. Muhogo wa tui. Samaki wa kupaka. Binti yake, wifi yangu, anayefanya usafi wa vyumba katika hoteli moja Shanzu, alivuka feri siku yake ya mapumziko akaja na matobosha, vitamutamu alivyovipenda mama yake. Alimkaripia, "Mama, kula, usitutie aibu." Mavyaa akaonja moja, akaweka chini.

"Tamu," alisema. "Kuleni nyinyi."

Siku hazikuwa na la kufanya. Tulishafagia, tulishasali, tulishakunja nguo zilizokuwa zimekunjwa. Saa nne asubuhi mavyaa aliishika simu yake ndogo, akaiweka mapajani, akaiangalia hadi saa tano. Mimi niliona, na sikuelewa. Nilidhani anangoja rambirambi.

Siku moja nikalivuta sanduku la bati, ili tu kupata la kushika. Nikachomoa ukurasa mmoja nikaanza kujisomea nyota kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe.

"Ndoo. Leo ni siku njema ya safari ndefu."

Mimi na eda yangu, safari yangu ndefu ni ya chooni. Nikacheka peke yangu, na nikasikia kicheko kingine kimetoka upande wa kitanda. Kidogo, kama chafya.

"Endelea," mavyaa alisema. "Safari tu?"

"Kuna na hili. Mtu mrefu atakuvutia kazini."

"Mrefu! Mwambie angoje miezi minne na siku kumi. Na mwanangu naye nyota yake inasemaje?"

Nikasita. Sikujua kama nyota ya marehemu husomwa. Lakini ameuliza mama yake.

"Simba. Leo utachelewa kurudi nyumbani."

Mavyaa akatikisa kichwa.

"Hapo wamesema kweli," alisema.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila asubuhi ukurasa mmoja, nyota tatu: yangu, ya marehemu, na yake. Yake haikuwa na shaka yoyote kwake. Alipoolewa, mwalimu mmoja wa zamani alihesabu jina lake pamoja na jina la mama yake, herufi kwa herufi, akatoa Mizani. Bwana harusi akatoa Ng'e. Mwalimu akasema hawa watagombana.

"Na mkagombana?"

"Miaka arobaini. Hakukosea hata mwaka."

Nikamweleza kwamba gazeti haliendi kwa majina, linakwenda kwa siku ya kuzaliwa.

"Na limejuaje nimezaliwa lini, nami mwenyewe sijui?"

Akabaki Mizani. Alichocheka ni jina lenyewe tu, maana miaka yote hiyo aliuza nazi kwa fungu na hakuwahi kugusa mizani ya mtu.

Wifi alipotukuta hatukusalimika.

"Eda hii ya wapi? Mwenye kwenda kwa mpiga ramli, sala zake siku arobaini hazikubaliwi."

"Hatujaenda kwa mtu," mavyaa alimwambia. "Ni gazeti."

"Ndiyo mbaya zaidi. Mnaletewa ramli nyumbani."

"Tena ya mwaka juzi," nilisema. "Imeshapoa."

*

Uongo wangu ulianza hivi.

Kurasa zile zilikuwa na kasoro moja. Mara kwa mara mume wangu alikuwa amechora visanduku vya ziada nje ya mraba, kwa kalamu ya wino, vikaingia upande wa nyota na kufunika maneno. Nilivijua tangu zamani. Nilidhani ni mkono mzito wa mtu asiyelala usiku, au amehesabu vibaya akajisahihisha. Nilikuwa navikasirikia kidogo, kwa sababu vilinikatia usomaji.

Asubuhi hiyo nilikuwa na bakuli la uji mkono mmoja na ukurasa mkono wa pili. Mizani ilikuwa imefunikwa mwanzoni. Palionekana tu, "unachopewa na watu wa nyumbani kwako." Kabla ya hapo palikuwa na wino. Ingeweza kuwa usidharau. Ingeweza kuwa usiamini. Nikatazama bakuli, nikasoma bila kupumua:

"Mizani. Usikatae unachopewa na watu wa nyumbani kwako."

Mavyaa akanitazama. Akatazama uji. Akanyosha mkono.

Alikunywa nusu bakuli. Nilikwenda jikoni nikaanza kuosha sufuria, nina furaha na aibu. Nilijiambia kwamba si uongo, ni kukisia. Kesho yake ukurasa haukuwa umefunikwa popote, na Mizani ilisema, "Jihadhari na vyakula vya watu usiowaamini." Nikasoma, "Chakula cha mchana leo kina heri kwako." Hapo sikuwa nakisia tena.

Nataka niseme wazi kwamba mimi si mtu wa uongo. Nimewahi kurudi sokoni kwa sababu muuzaji alinizidishia limau. Lakini nilijifundisha haraka. Mwanzo nilibadilisha neno moja. Baadaye sentensi. Baada ya mwezi nilikuwa sitazami tena karatasi. Nyota ya Mizani ikawa haisemi kitu ila jikoni. Mizani, mambo ya baharini yatakuletea nafuu, na siku hiyo nina samaki changu wa kupaka. Mizani, kitu cheupe kitakulinda asubuhi, cha manjano jioni.

"Gazeti linajua vidonge vyangu?" mavyaa aliuliza.

"Nyota zinaona mbali, mama."

"Na mbona Ndoo hawaambiwi wale nini?"

"Ndoo wanakula wenyewe."

Alimeza. Muuguzi akaja, akapima, akasema hali inarudi, chochote mnachofanya endeleeni. Nikasema inshallah na nikashindwa kumtazama usoni. Usiku nikisali nilijiona mwanamke aliyefanya unajimu ndani ya eda, tena unajimu wa kubuni, ambao hata mnajimu mwenyewe angeukana. Lakini asubuhi nilipika tena, na nikasoma tena.

*

Wifi akaja Ijumaa moja. Tulikuwa tumekaa chini mkekani, na sinia la wali na mbaazi katikati. Nilikuwa na mafua, sauti imekauka.

"Leo nisomee wewe," mavyaa alimwambia binti yake. "Mwenzako hana sauti."

"Mimi? Mama, mimi nina sala zangu."

"Sala zako ulizisali. Soma. Mizani."

Nilinyosha mkono kuuchukua ukurasa, wifi akaniwahi. Alikunja uso, akausogeza mbali na macho, akasoma kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kuhusika:

"Mizani. Nyumbani kwako kuna mtu anayekuficha jambo. Muulize."

Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo nyota pekee niliyoisikia ikisema kweli. Mavyaa aligeuka kunitazama, akicheka. Alikuwa akitania tu, nina hakika. "Haya, mkaza mwanangu, unanificha nini?"

Ningeweza kusema, nimekuficha sukari kabatini, tukacheka, tukala. Maneno yalikuwa mdomoni. Sikuweza.

"Mama," nilisema, "nyota zako nazitunga mimi."

Wifi aliweka ukurasa chini. Mavyaa hakuelewa mara moja.

"Zote?"

"Ile ya kwanza ilikuwa imefunikwa na wino. Hizo nyingine zote nimezitunga."

"Ile ya changu?"

"Mimi."

"Ya cheupe na manjano?"

"Ni mimi, mama. Gazeti halijui vidonge."

"Kwa hiyo mwezi mzima na zaidi nimekula kwa kudanganywa, kama mtoto anayeambiwa hili la baba, hili la mama."

 Alirudisha tonge siniani, akanawa, akaenda kulala akielekea ukutani. Jioni hakula. Kidonge cha manjano kilibaki. Asubuhi hakula wala hakuongea. Wifi, ambaye alikuwa amelala kwetu, alinivuta jikoni.

"Wewe nawe! Hukuweza kunyamaza?"

"Si wewe uliyesema ni dhambi?"

"Nilisema kusoma ni dhambi. Sikusema uache wakati anakula!"

Tukatazamana, tukacheka kwa kukata tamaa, mkono mdomoni ili asisikie. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa saa tatu na mtu hajatia kitu tumboni tangu jana mchana.

Wifi alikaa chini kuzirudisha kurasa sandukuni, akikusudia, nadhani, kuzitupa. Akakwama kwenye moja.

"Hivi visanduku vya pembeni ni vya nini?"

"Mkono mzito wa kaka yako."

"Mkono mzito gani? Vina herufi."

Nilivua miwani nikaifuta nikaivaa tena. Swali la tano, kwenda kulia: nazi changa. Visanduku vya gazeti vilikuwa vinne, na mtu yeyote angeandika dafu. Mume wangu hakuandika dafu. Alikuwa ameandika KITALE, herufi nne ndani ya mraba, na kwa zile mbili zilizobaki akachora visanduku viwili vyake nje, juu ya nyota. Tukachukua ukurasa mwingine. Pale nako neno limevuka mpaka. Na mwingine. Maneno yote yaliyotoka nje yalikuwa ya mnazi, ya jikoni, ya shamba, maneno ambayo wifi alisema hajayasikia tangu bibi yake afe.

"Haya si maneno ya kaka," alisema. "Kaka alikuwa hajui kutofautisha kitale na koroma inayokaribia kukomaa. Haya ni ya mama."

Basi nikaisikia tena ile sauti ya asubuhi, mimi nikiosha vyombo: haya mama, umeshinda, naandika lako. Hakuwa akimridhisha kwa mdomo. Aliandika kweli. Neno lisipoingia aliliongezea nyumba. Ndiyo maana mavyaa aliketi na simu saa nne hadi saa tano. Hakuwa akingoja rambirambi. Hakuna mtu aliyekuwa akimuuliza kitu tena. Sote tulikuwa tukimwambia kula.

Sandukuni mafumbo yote yalikuwa yamejazwa. Marehemu hakuacha hata moja nusu. Nikamwambia wifi, "Nenda kaninunulie gazeti."

"La leo?"

"La leo. Fanya haraka, karibu saa nne."

*

Alirudi akihema. Nikakaa kizingitini mwa chumba, kalamu mkononi, nikafungua ukurasa. Mavyaa alikuwa bado ameelekea ukutani. Sikumwamkua kwa neno jingine.

"Chombo cha kuchujia tui," nilisema. "Herufi sita."

Hakugeuka.

"Wifi, wewe unajua?"

"Chujio," wifi alijibu. Hakuwa na hila, ndivyo alivyojua. Nikahesabu kwa kidole: sita, barabara. Nikaanza kuandika na nikasema kwa sauti, "Che, ha, u."

Mgongo ulisogea.

"Chujio la nini?" ukuta uliuliza.

"La tui, mama."

"Chujio ni la chai."

"Gazeti linasema herufi sita."

Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu na midomo imekauka, lakini alikuwa amekasirika, na hasira ile sikuwa nimeiona tangu msiba.

"Tui linachujwa kwa kifumbu. Hata mtoto wa shamba la minazi anajua. Kinasukwa, unatia nazi, unakamua hivi." Alikamua hewa kwa mikono miwili. "Nyinyi mnaochuja tui kwa plastiki mnalitia maji halafu mnasema wali wa Mombasa umeharibika. Waliotunga hayo ni watu wa bara."

"Kifumbu hakiingii, mama. Ni saba."

"Basi waongeze sanduku. Mwenzako alikuwa akiongeza."

Alipolisema hilo sisi wawili tukatazama chini. Kisha mavyaa akauliza:

"Una jingine?"

"Lipo. Yapo kumi na nane."

Alijiinua akakaa, akashika ukingo wa kitanda kwa sababu ya kizunguzungu.

"Niletee uji kwanza. Siwezi kubishana na gazeti zima na tumbo tupu. Na kile kidonge."

Wifi alishaondoka kwenda jikoni kabla hajamaliza. Mimi nilichora kisanduku cha saba. Hakikunyooka. Kiliingia upande wa nyota, kikafunika karibu Mizani yote.

"Umeziharibu nyota zangu?" mavyaa aliuliza, ameinamisha shingo kuangalia mchoro asioweza kuusoma.

"Limebaki neno moja tu. Linasema 'kesho'."

"Potelea mbali. Endelea."

Alikunywa bakuli zima, akasema uji una chumvi.

Eda yangu imekwisha. Mavyaa amerudi shambani kwake, naye wifi anasema tulipona kwa dua zake, na sina hoja ya kumpinga. Saa nne asubuhi nanunua gazeti la leo, najilaza upande ule wa kitanda, nampigia. Kila siku naanza na swali moja, "Shikamoo mama, umekula?" na kila siku ananijibu, "Marahaba, nimekula, soma." Kutoka hapa sina njia ya kumwona. Lakini jana alinigombeza nusu saa kuhusu aina za muhogo, hadi simu ikaisha chaji, na mtu mwenye njaa hana pumzi ya namna ile.